Ukihamia Dodoma na Ukaamua Kujenga

Barua ya uhamisho hutaja siku ya kuripoti, basi. Kuhusu utakapolala mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, haisemi kitu. Tangu Rais Magufuli atangaze mwaka 2016 kwamba Serikali inahamia Dodoma kwa vitendo, na kutekeleza uamuzi ambao TANU iliupitisha mwaka 1973, familia nyingi zimejikuta na swali hilo: tupange, tununue au tujenge? Wengi husema tujenge, na wengi wa hao hukimbilia kiwanja kabla hata mizigo haijafunguliwa.

Ushauri wa kwanza hautawafurahisha madalali: mwezi wa kwanza usinunue kiwanja. Panga nyumba, na ukiweza, pitisha masika moja hapo hapo. Dodoma ya Agosti na Dodoma ya Januari ni miji miwili. Mvua huanza Desemba, huisha Aprili, na jumla yake kwa mwaka ni kama milimita 550 hadi 600 tu, lakini ikishuka hushuka kwa fujo. Korongo ulilolivuka mwezi wa nane ukidhani ni njia ya ng'ombe, mwezi wa kwanza ni mto. Kiwanja kilichokuwa kigumu kama saruji hugeuka tope linalomeza gari hadi kwenye ekseli. Mwenye kuuza anajua hayo yote, ndiyo maana anakuharakisha ununue wakati wa kiangazi.

Mwenye nyumba wa Dodoma, kama wa Dar es Salaam, atakudai kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo. Watu huiona kodi hiyo kama fedha iliyopotea, wakaamua kujenga haraka ili "waokoe kodi". Hesabu ifanywe kinyume chake: kodi iingie ndani ya bajeti ya ujenzi, kwenye mstari wake, pamoja na saruji na nondo. Tuseme unalipa 400,000 kwa mwezi. Nyumba unayoweza kuihamia baada ya miezi 10 inakugharimu kodi ya milioni nne. Ile kubwa zaidi itakayochukua miezi 30 inakugharimu milioni 12, na hapo hujagusa tofali. Kama mke au mume na watoto wamebaki Dar es Salaam wamalize mwaka wa shule, ongeza jiko la pili, umeme wa pili, na nauli za kwenda na kurudi. Treni ya kisasa iliyoanza safari zake za Dodoma mwaka 2024 imefupisha mwendo, lakini tiketi za kila mwisho wa wiki kwa mwaka mzima ni fedha ambayo ingepiga plasta vyumba kadhaa.

Kwa hiyo kabla ya kumwita mchora ramani, andika tarehe. Unataka kulala ndani lini? Ukubwa wa nyumba utokane na tarehe hiyo na kipato chako, wala usitokane na nyumba uliyoiona ya mwenzako wa idarani.

Sasa kiwanja. Dodoma imetanuka kwa kasi kila upande: Nzuguni, Iyumbu, Njedengwa, Ilazo, Nkuhungu, Miyuji, Nala, Mkonze, Ihumwa. Mji wa Serikali uko Mtumba, takriban kilomita 17 mashariki ya katikati ya jiji kwenye barabara ya Dar es Salaam, na hiyo peke yake inatosha kubadili hesabu. Anayefanya kazi Mtumba akajenga Nala, upande wa pili wa jiji kwenye barabara ya Singida, atalivuka jiji lote mara mbili kwa siku mpaka astaafu. Bei ya kiwanja cha mbali huvutia, ila mafuta ya gari hayalipwi mara moja.

Kwenye karatasi, Dodoma ina historia yake. Kwa miaka mingi ardhi ya mji ilisimamiwa na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliyoanzishwa 1973 na kuvunjwa Mei 2017, majukumu yake yakahamia halmashauri. Mwaka 2018 halmashauri hiyo ikapandishwa hadhi kuwa ya jiji. Ukionyeshwa nyaraka za zamani za CDA, usiishie kuziangalia mihuri. Uliza kama zimeshabadilishwa kuwa hati ya sasa, na jina lililomo ni la nani. Malalamiko ya kiwanja kimoja kuwa na wenyewe wawili yamesikika sana Dodoma. Dawa yake ni upekuzi rasmi kwenye ofisi ya ardhi, unaofanywa kwa namba ya kiwanja na kitalu na kulipiwa kwa namba ya malipo ya Serikali. Mtendaji au mwenyekiti wa mtaa anaweza kushuhudia kwamba anamfahamu muuzaji, na ni vizuri awepo. Ushahidi wake hauwi hati.

Mkataba uwe wa maandishi, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya 1999 haitambui mauziano ya mdomo. Kama muuzaji ana mwenza, mwenza atie sahihi ya ridhaa. Kesi nyingi za nyumba huzaliwa hapo. Mkubaliane pia, kwa maandishi, nani analipa kodi ya ongezeko la mtaji. Kisheria ni mzigo wa muuzaji, lakini muuzaji mjanja huiacha ielee mpaka siku ya kuhamisha umiliki, na siku hiyo mwenye haraka ni wewe. Mwisho, tembea na mpima hadi kwenye mawe ya mipaka na uyaone kwa macho. Kiwanja kikiwa jirani na barabara kuu, kumbuka hifadhi ya barabara ni mita 30 kila upande kutoka katikati, na mzunguko wa barabara za nje ya jiji umekata maeneo mengi ambayo zamani yalikuwa mashamba.

Tuje kwenye udongo, ambao ndio humla mtu Dodoma kimyakimya. Mabondeni kuna udongo mweusi wa mfinyanzi, ule wa mbuga, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Kwa jicho utautambua wakati wa kiangazi kwa nyufa zinazoingiza kidole. Nyumba iliyowekwa juu yake kwa msingi wa kawaida huanza kuchana kuta kwenye kona za madirisha ndani ya misimu michache, na hakuna plasta itakayoficha hilo. Tiba ipo: kuuchimba na kuutoa, kujaza moramu iliyoshindiliwa kwa matabaka, na kumwaga mkanda wa zege wenye nondo chini ya kuta zote. Ila tiba hiyo inaweza kula tofauti yote ya bei uliyodhani umeokoa ulipochagua kiwanja cha bondeni. Upande wa pili, miinukoni, utakutana na mwamba. Mwamba ni msingi mzuri kuliko wote, na mawe ya ujenzi ya Dodoma ni ya kutosha, lakini jaribu kuchimba shimo la choo humo. Basi kabla ya kulipia kiwanja, lipa vibarua wawili wachimbe mashimo mawili matatu ya mita moja na nusu. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na utakachokijua.

Jambo la pili la ardhini ni tetemeko. Dodoma iko ndani ya eneo la Bonde la Ufa na matetemeko madogo husikika mara kwa mara. Kwa nyumba ya chini, maana yake ni mkanda wa zege kwenye msingi na lenta inayozunguka nyumba nzima bila kukatika. Fundi akikuambia lenta iwekwe juu ya milango na madirisha tu ili kuokoa nondo, anaokoa mahali pabaya.

Ramani ndiyo nafasi yako ya kupunguza gharama bila kupunguza ubora. Ramani za kununua mtandaoni zimejaa kona, vibaraza na paa zenye mabonde mengi. Kila kona ni lenta, nondo na siku za fundi, na kila bonde la paa ni mahali pa kuvuja. Nyumba yenye umbo la mstatili na paa la migongo miwili huonekana ya kawaida kwenye picha, ila ndiyo humalizika. Mwambie msanifu aelekeze kuta ndefu kaskazini na kusini, maana jua la saa tisa alasiri likipiga madirisha makubwa ya magharibi chumba hakilaliki hadi usiku wa manane. Upepo wa Dodoma nao hauna mchezo. Vumbi lake hutafuta kila upenyo, na bati zilizopigwa misumari kwa kubania huondoka nao. Ramani iwe imegongwa muhuri na wataalamu waliosajiliwa, na kibali cha ujenzi kipatikane halmashauri kabla ya kuchimba. Alama nyekundu ya X ukutani ni ghali kuliko kibali.

Kabla hujaenda mbali, linganisha pia na nyumba zilizo tayari. Shirika la Nyumba la Taifa limejenga Iyumbu, Watumishi Housing wamejenga Njedengwa. Kwa mwenye ratiba ngumu na asiye na mtu wa kumsimamia, kununua kunaweza kuwa na akili zaidi. Anayebaki na nia ya kujenga aendelee kusoma.

Bajeti hufanywa na mkadiriaji majenzi, na mchanganuo wake, ule ambao kila mtu saiti huuita BOQ, una thamani ya kila shilingi utakayomlipa. Lakini usiupokee kama barua kutoka mbinguni. Hesabu chache zinatosha kukuwezesha kuuliza maswali. Zege la uwiano wa moja, mbili, nne linakula mifuko kama sita na nusu ya saruji ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo. Jamvi la mita za mraba 100 lenye unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 10, yaani mifuko 65 hivi. Fundi akileta orodha ya mifuko 110, akueleze. Akileta ya 40, akueleze zaidi. Kila mita ya mraba ya ukuta hutaka tofali kama 10 za urefu wa inchi 18 na kimo cha inchi tisa, pamoja na zitakazovunjika. Pima urefu wa kuta zote, zidisha kwa kimo, toa milango na madirisha.

Dukani napo kuna hesabu. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inapaswa kuwa na uzito wa karibu kilo 10.7, na ya milimita 10 kilo 7.4. Ikipungua sana, umeuziwa nyembamba kwa bei ya nene, na mzani wa duka la jirani utakwambia hivyo bila ubishi. Bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30. Namba ikipanda, bati linapungua. Saruji ya 42.5 ni ya zege la nguzo na lenta, ya 32.5 inatosha tofali na plasta. Mfuko mmoja ukitolewa tofali za inchi sita zaidi ya 40, hizo ni mchanga wenye harufu ya saruji. Wala usinunue saruji nyingi ukaihifadhi kwa kuogopa bei kupanda, kwani baada ya miezi mitatu hivi ghalani inakuwa imeanza kufa nguvu.

Watu wengi hubajeti hadi boma. Boma linaonekana, linapigwa picha, linatumwa kwenye kundi la ukoo, pongezi zinamiminika. Kisha miaka mitatu hakuna kinachoendelea. Sababu ni kwamba kilichobaki, yaani paa, bomba, umeme, plasta, madirisha, milango, sakafu, dari na vyoo, kinaweza kula kiasi kile kile kilicholiwa na msingi na kuta, na kuzidi. Afadhali uweke bajeti kwa vituo, na kila kituo uulize: nikikwama hapa, kazi iliyofanyika itaharibika? Jamvi likikaa mwaka mzima halidhuriki. Kuta za tofali za saruji zilizofungwa kwa lenta huvumilia. Mahali pabaya pa kukwama ni katikati ya kenchi na bati, mbao zimeshapigwa na fedha imekwisha. Jua la Dodoma huzipinda na mchwa huzikuta. Kwa hiyo usinunue mbao mpaka fedha ya bati iwe mkononi. Juu ya jumla yote weka asilimia 15 ya dharura, na ukiitumia kununua vigae vizuri zaidi, jua kwamba huna tena dharura.

Mkopo nao una mahali pake. Mtumishi wa umma makato yake yanapaswa kumwachia theluthi moja ya mshahara, na akikopa kiasi chote anachoruhusiwa akakichimbia kwenye msingi, ataanza kurejesha mwezi unaofuata huku bado analipa kodi ya kupanga. Msingi na kuta jenga kwa akiba, kwa posho ya uhamisho iliyobaki, kwa kiwanja cha kwenu ulichouza. Mkopo uuwekee kipande cha mwisho, cha paa na kufunga nyumba, ili kodi ikome karibu na marejesho yanapoanza.

Msimu wa kuanza ni Mei. Ardhi imeanza kukauka, mashimo hayajai maji, na una miezi saba ya kufika kwenye bati kabla ya Desemba. Shida ya kiangazi ni maji ya kujengea. Mgao wa maji jijini si habari ngeni, na maji ya boza hununuliwa. Fundi akibanwa huanza kubania kumwagilia zege na tofali, na upepo mkavu wa Julai hukausha zege kabla halijashika. Siku saba za kumwagilia ni za lazima, asubuhi na jioni, kwa hiyo maji yawe na mstari wake kwenye bajeti tangu mwanzo. Kisima cha jirani kinachotoa maji ya chumvi, nacho kiko kila mahali Dodoma, usikitumie kwa zege lenye nondo. Chumvi hula chuma polepole, na nyufa zitakuja wakati fundi amekwisha badilisha namba ya simu.

Usimamizi ndio mgumu kwa aliye mbali, na wanaojenga Dodoma wakiwa bado Dar es Salaam wanalijua hilo. Ndugu wa damu si msimamizi kwa sababu ni ndugu. Mwajiri fundi sanifu au mhandisi kijana anayekaa Dodoma, mlipe kwa ziara, na kila ziara ilete picha zenye tarehe na futi ya kupimia ikionekana. Fundi mkuu alipwe kwa hatua iliyokamilika na kukaguliwa, kamwe si kwa kilio cha Ijumaa. "Mama, vijana hawajala" ni kweli mara nyingi, na jibu lake ni kuwa na utaratibu wa posho ya chakula uliokubaliwa toka siku ya kwanza, ili isimegwe fedha ya hatua. Vifaa vilipwe moja kwa moja dukani na risiti ya kielektroniki iwe kwa jina lako. Stoo iwe na daftari: kilichoingia, kilichotoka, aliyechukua. Kabla plasta haijafunika mabomba na waya, piga picha kila ukuta. Ipo siku utataka kutoboa pa kutundika kabati.

Maji ya kunywa na kuoga nayo yapangwe kabla ya rangi. Familia ya watu sita wanaotumia lita 50 kila mmoja humaliza lita 300 kwa siku; tanki la lita 3,000 linawapa siku 10 za kuvumilia mgao. Paa la mita za mraba 100, kwa mvua za Dodoma, linaweza kukusanya zaidi ya lita 40,000 kwa msimu hata ukitoa zinazopotea. Mifereji ya bati ni rahisi kuliko maboza. Kwa umeme, angalia nguzo ya TANESCO iko umbali gani: ikizidi mita 30 utahitaji nguzo ya ziada, na gharama na foleni yake ni nyingine. Ukishaunganishwa, kodi ya jengo itakatwa kwenye LUKU kila mwezi, utaratibu ulioanza 2021.

Hakuna sheria ya mila inayosema nyumba ihamiwe ikiwa na dari ya jipsamu. Vyumba viwili vyenye milango inayofungwa, choo kinachofanya kazi, maji tankini, umeme, sakafu ya saruji iliyosuguliwa, vinatosha kukata kodi. Vigae, uzio na geti la kifahari vitakuja mwaka ujao kwa ile fedha uliyokuwa unampa mwenye nyumba.

Ukimlipa aliyepaua, bakiza sehemu ya hela yake, hata asilimia 10, na iandikwe hivyo kwenye makubaliano. Bati likiisha kupigwa Septemba, kila paa la Dodoma halivuji. Malizia malipo yake Januari, baada ya mvua kubwa mbili au tatu, ukiwa umeshapanda darini na tochi.